Aliyerudi Kutoka Bafuni

Taulo lilikuwa kavu.

Seremala aliligusa kwa bahati tu, akilitundika kwenye kamba nyuma ya gari, na vidole vyake vikasita. Mkewe alikuwa ametoka bafuni sasa hivi. Alikuwa amekaa huko karibu saa nzima, maji yakisikika yakimwagika mpaka kwenye kiwanja chao, kisha akarudi na taulo begani na kopo la sabuni mkononi. Lakini taulo lilikuwa kavu kama karatasi, nywele zake kavu, na sabuni bado imo kwenye karatasi yake ya dukani.

"Maji yamekatika?" akamuuliza.

"Hapana, mume wangu," akajibu, akapanda garini.

Mtu aliyekaa kwenye ndoa miaka thelathini na moja hujua la kuuliza na la kumeza. Seremala akalimeza. Ila lile "mume wangu" lilimkwama kooni, kwa sababu tangu siku ya posa mwanamke yule hakuwahi kumwita jina lolote isipokuwa Fundi. Hata wakigombana alikuwa Fundi. Tena wakigombana ndiyo zaidi.

Mkewe alikuwa mshonaji, na mtaani walimwita Sindano. Wageni walidhani ni kwa sababu ya kazi yake. Waliomzoea walijua ni kwa sababu ya ulimi wake. Binti yao wa pekee alipoolewa ng'ambo, na nyumba ikabaki na mwangwi, wawili hao walinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate. Seremala akalijengea kitanda, kabati na meza ya kukunja. Sindano akashona mapazia. Wakaanza kuzunguka, wakilala kwenye kambi za umma, zile ambazo msafiri yeyote hupewa kiwanja chenye namba, bomba la maji na bafu la pamoja. Huo ulikuwa mwezi wa nne, na walikuwa na raha kama watoto waliotoroka shule.

Kambi hii ilikuwa katikati ya misonobari. Mlinzi wake, mzee mwembamba mwenye koti kubwa kuliko yeye, aliwaambia walipofika: "Mabafu ni mawili. La nyuma msiliingie jua likishazama."

"Kwani lina nini?" Sindano akauliza.

"Lina giza, mama."

"Giza silo la kunizuia kuoga. Mimi nina tochi, wewe una nini?"

Walicheka wote watatu. Jioni bafu la mbele likawa na foleni ndefu, naye Sindano hakuwahi kuipenda foleni. Akachukua tochi yake, akaenda la nyuma.

Alfajiri wakaondoka.

Kambi iliyofuata ilikuwa kando ya ziwa, bondeni, mahali ambapo simu hazishiki. Hapo ndipo Seremala alipoanza kusikia ile harufu: harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi kisha kikafunuliwa. Alikagua tangi la maji, akakagua godoro, akatoa hata viatu nje. Harufu haikuwa kwenye vitu. Ilikuja mkewe alipopita, ikaondoka mkewe alipotoka.

Siku ya pili mchana alimkuta ameketi mlangoni akishona, kichwa ameinamisha, mkono unakwenda na kurudi kwa ustadi ule ule wa siku zote. Seremala akafurahi, akasogea aone ni nini. Sindano ilikuwa inaingia kwenye kitambaa na kutoka, inaingia na kutoka, nayo haikuwa na uzi.

"Unashona nini?"

"Nguo yako," akasema, akamtazama na kutabasamu, na tabasamu likabaki usoni hata baada ya macho kurudi kwenye kazi.

Usiku huo Seremala aliamka na kukuta upande wa pili wa kitanda ni baridi. Alimwona mkewe kwenye meza ya kukunja, mgongo wima, mikono juu ya mapaja, na akataka kumwita lakini akajizuia, kwa maana mbalamwezi iliyopenya pazia ilimwangukia mwanamke yule usoni na macho yake yalikuwa wazi bila kupepesa, na kifua chake hakikupanda wala kushuka, na Seremala akalala pale akihesabu pumzi zake mwenyewe akingoja asikie japo moja ya mkewe, akahesabu mpaka ndege wakaanza kulia ziwani, na hakusikia hata moja.

Kulipopambazuka akawasha gari. Alijiambia anampeleka hospitali. Walipopanda mlima na kufika kituo cha mafuta, simu ikashika mtandao na kulia papo hapo. Alikuwa binti yao.

"Baba! Nyie wazee mnataka kuniua na presha?" Alikuwa anacheka, lakini cheko la mtu aliyetoka kulia. "Juzi asubuhi Mama kanipigia kwa simu ya mlinzi, analia. Eti kaingia kuoga jioni dakika kumi tu, katoka kakuta ni asubuhi na kiwanja kitupu. Eti umemwacha! Nikakupigia, hupatikani."

Seremala akatazama kiti cha pembeni. Mkewe alikuwa ameketi hapo, mikono mapajani, akitazama barabara.

"Baba? Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

"Halafu jana kanipigia tena, anacheka mwenyewe. Kasema ulirudi kumchukua na umeomba radhi mpaka ukapiga magoti. Wewe, kupiga magoti! Hebu nipe niongee naye."

"Alisema... nilirudi saa ngapi?"

"Baba, si ulikuwa wewe?"

Alikata simu, akageuka, akajikaza kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Yuko na mumewe," kile kiumbe kikajibu kwa sauti ya Sindano, bila kugeuka.

Seremala akashuka akakimbia. Alikimbia akakipita kituo cha mafuta, akaipita karakana, akaingia kwenye mgahawa na kutokea mlango wa jikoni huku mpishi akimfokea, akashika njia ya nyuma ya maghala, pumzi zikimwishia na jasho likimwingia machoni, na kila alipokata kona alijisemea kwamba sasa yuko mbali, sasa hakioni tena, mpaka kona ya mwisho ikamtupa kwenye uwanja wa kuegesha malori ambako gari lake la mikate lilikuwa limesimama kivulini, ilhali yeye hakuliacha hapo, na kile kiumbe kimeketi kwenye kiti kile kile cha pembeni kikimngoja kwa subira ya mke aliyemsubiri mumewe atoke msalani.

Aende polisi aseme nini? Kwamba mkewe amepotea na ameketi garini? Akapanda. Akageuza gari, akarudi kwenye misonobari.

Mlinzi alimpokea langoni kwa bashasha. "Mzee! Mmesahau tena kitu?"

"Mke wangu aliondoka hapa na nani?"

Mlinzi akacheka, kisha akaona hakuna wa kucheka naye. "Na wewe."

"Nilivaa nini?"

"Shati hilo hilo. Kiraka hicho hicho mfukoni. Gari hilo hilo." Akakuna shingo. "Ila..."

"Ila nini?"

"Mvua ilikuwa imenyesha, hapa pote tope. Mlipotoka nikaja kufunga lango. Sikuona alama ya tairi. Nikasema labda macho yangu, uzee." Hapo ndipo alipolitupia gari jicho, akamwona mwanamke aliyeketi mbele. Sauti yake ikashuka. "Mzee, huyo ni nani?"

"Wewe uliyetwambia lina giza," Seremala akasema, "ungetwambia la kweli."

"Ningewaambia, mngeamini?"

Jibu walilijua wote wawili.

Mlinzi ndiye aliyempeleka kwa mganga, mwanamke mnene mwenye miwani aliyekuwa na duka la dawa za mizizi nyuma ya soko la mji wa karibu. Mganga hakuingia garini. Alisimama hatua tatu kutoka dirishani, akanusa, akarudi ndani na kufunga mlango wa duka nyuma yao.

"Kumtoa naweza," alinong'ona. "Tena leo leo. Lakini nisipokwambia ukweli utanilaani. Hawa majini huja wawili, kama mkasi. Mmoja yuko kwako, mwenzake yuko kwa mkeo. Nikimfukuza huyu, yule naye anaondoka saa hiyo hiyo, na haondoki mikono mitupu."

"Atamchukua?"

"Mpaka huko watokako."

"Na nisipomfukuza?"

"Mkeo ataishi. Atakula, atacheka, atazeeka. Ila si na wewe."

"Basi nitamfuata. Nitawakuta njiani, anione mimi, aone na huyo..."

"Utawakuta vipi, baba? Hawa wawili wanaonana hata wakiwa pande mbili za dunia. Ukisogea hatua na huyu, mwenzake anasogea hatua."

Seremala alitazama mikono yake, mikono iliyokuwa imejenga vitanda vya nusu ya mtaa wao. "Hakuna njia nyingine?"

Mganga akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ningekuwa naijua, mwanangu angekuwa nyumbani."

Seremala akaomba radhi kwa kumsumbua, akatoka, akawasha gari.

Alimfuata mkewe hata hivyo. Mtu akiambiwa mlango hauna ufunguo, bado atausukuma. Alikwenda kambi kwa kambi wiki sita, kile kiumbe kimeketi pembeni yake, na kwenye kila daftari la wageni akaukuta mwandiko wa mkewe, herufi zilizolala kama mishono. Wameondoka asubuhi, aliambiwa. Wameondoka nusu saa iliyopita. Kwenye kambi moja alikuta majivu yenye moto, na jirani wa kiwanja akamsifu: "Mkeo mchekeshaji kweli! Jana katuvunja mbavu." Seremala akamuuliza alisema nini, akamsihi amsimulie kila neno, na jirani yule akaanza kumtazama kwa mashaka.

Kila jioni alimpigia binti yake na kumweleza. Mwanzoni binti alilia naye. Siku ya arobaini alipokea simu akiwa na sauti ngumu.

"Nimezungumza na Mama. Anasema kuna mtu mwenye sauti ya Baba anawafuata nyuma, kambi kwa kambi."

"Mwanangu, ni mimi. Niulize jambo tunalolijua wawili tu."

"Jana nilimuuliza Baba aliye na Mama. Kitanda ulichomtengenezea mwanasesere wangu kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Upi?"

"Wa nyuma, wa kushoto. Nikauwekea kizibo cha chupa."

Alimsikia akipumua. "Yeye alijibu hivyo hivyo. Kizibo na kila kitu. Halafu akacheka, kama Baba anavyocheka." Sauti ikamvunjika. "Wewe hucheki. Tafadhali, wewe uliye huko, vyovyote ulivyo, tuachie familia yetu. Ukipiga tena nitakata."

Akapiga tena. Binti akakata.

Siku iliyofuata, mchana mweupe, Seremala aliingia kwenye ofisi ya kambi nyingine, chumba kidogo chenye ramani ukutani na feni iliyokuwa ikilia. Akamwomba mama wa mapokezi simu yake. Akaandika namba, namba yake mwenyewe aliyokuwa nayo miaka kumi na miwili, akaweka simu sikioni.

Ikaita. Simu iliyokuwa mfukoni mwake haikutikisika.

"Nani mwenzangu?" akauliza mwanamume upande wa pili. Ilikuwa sauti yake, na kikohozi chake kidogo cha vumbi la mbao mwishoni.

Nyuma ya sauti ile palikuwa na vijiko vikigongana, na mwanamke akiimba vibaya, vibaya kwa namna ambayo Seremala angeitambua kati ya waimbaji elfu. Akafungua mdomo. Akafikiri: nikimwita atanisikia. Akafikiri tena: na akinisikia, ataogopa.

Kuimba kukakoma. "Nani huyo?" mwanamke akauliza. "Mwambie apige baadaye, chai inapoa."

"Wala si mtu," ile sauti ikamwambia kwa upole. "Amekosea namba."

Simu ikakatwa. Mama wa mapokezi akaipokea, akaifuta kwa kiganja. "Hukumpata?"

"Nimempata," Seremala akasema. "Mzima."

Akashukuru, akatoka juani, akatembea mpaka kwenye gari. Kabla hajagusa kitasa, mlango wa upande wake ukafunguliwa kutoka ndani.