Kiti cha Hemedi

Kofia ya marehemu Mzee Salehe, ile ya kushonwa kwa mkono, iliwekwa juu ya kiti cha plastiki mstari wa mbele, na kamera iitwayo kamilishi ikageuza jicho lake taratibu kuitazama. Watu zaidi ya mia mbili waliojipanga kwenye uwanja wa ghorofa, mtaa wa Bigwa, walinyamaza. Mashine ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayekohoa kwa adabu mlangoni. Kisha kwenye ukuta wa picha akatokea mzee aliyezikwa miaka mitatu iliyopita, amekaa kwenye kiti kile kile, magoti nje, kidole gumba kimechomekwa kwenye mkanda, anawatazama wakwe kama mtu anayesubiri chai iliyochelewa. Ndivyo alivyokuwa akikaa. Wanawake walipiga vigelegele, na wanaume wazima wawili watatu wakaanza kutafuta leso.

Hiyo ilikuwa picha ya kupimia mwanga tu. Picha yenyewe, picha ya ukoo ya harusi ya Siwema, ilikuwa bado.

Aliyesimama nyuma ya mashine hakuwa mpiga picha wa kukodi. Alikuwa dada mkubwa wa bibi harusi, mhandisi Semeni Mkude. Kamilishi aliibuni yeye na wenzake wawili, miaka kumi na moja nyuma, katika maabara ndogo pale pale Morogoro, siku ambazo mabasi ya kuning'inia kwenye kamba yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kupanda milima ya Uluguru. Kamera za zamani zilipiga kilichopo. Hii ilikamilisha kilichopungua. Ulimwekea kiti mtu wako asiyekuwepo, ukaweka juu yake kitu alichowahi kukivaa, nayo ikakusanya picha zake zote tangu utotoni, ikapima kile kitu, ikapima na watu waliokizunguka kiti na jua la saa ile, halafu ikakisia angekaaje leo. Haikubandika sura ya zamani. Kila ilipopiga ilimkisia mtu upya, kwa hiyo hazikuwahi kutoka picha mbili zilizofanana.

Kanuni moja Semeni aliiandika mwenyewe, na aligombana na wenzake kwa ajili yake. Mtu aliye hai asiwekwe mahali asipokuwepo, mpaka akubali kwa kidole chake. Marehemu ni wa ndugu zake. Mashine ilijua nani yu hai kwa kuliuliza Daftari la Uhai, ambalo hupokea mapigo ya moyo ya kila mtu kutoka kwenye punje ndogo iliyopandikizwa chini ya ngozi ya kifundo cha mkono. Daftari hilo halikufunguliwa kwa mtu yeyote, awe mama au awe waziri. Lilijibu mashine chache zilizoruhusiwa, na kamilishi ilikuwa mojawapo.

Watu wa Bigwa hawakuhitaji kusomeshwa hayo yote. Walichojua ni kwamba kiti kikijaa, mwenyewe yuko kaburini, na kikibaki kitupu, mwenyewe yuko mahali anakula ugali wake. Basi viti vitupu vikawa fahari. Ungemsikia mtu anajisifu kwamba harusi ya mwanawe ilikuwa na viti sita na vyote sita vilitoka vitupu, utadhani ndugu zake hawafi.

Siku hiyo vilitakiwa viwe viti viwili tu: cha mzee, na cha shangazi Mwantumu aliyelazwa Kigoma, ambaye kwa ubishi wake alikataa kuweka kidole, akisema hataki kuonekana harusini na nguo za hospitali. Lakini watu walipokuwa wakijipanga, Bi Zamda, mama yao, alikuja anaburuta kiti cha tatu. Alikuwa ametoka jikoni kumfukuza mpishi wa chuma kwenye sufuria ya pilau, kwa hoja kwamba kitu kisichoonja hakiwezi kupika, na mwiko alikuwa nao bado mkononi. Juu ya kiti akaweka shati la mistari la Hemedi.

Hemedi alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Miaka minne nyuma, baba yake akiwa bado mzima, alikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya upande wa nyuma wa mwezi. Huko sauti ya nyumbani haifiki na ya huko haitoki. Mtambo wa mawasiliano wa machimbo ulikuwa mmoja, nao ulibeba mambo ya kazi na mapigo ya moyo, basi. Hata msiba wa baba yake haukuwahi kumfikia. Kabla ya kuondoka alirekodi salamu za miaka mitano, moja kwa kila Ijumaa, na kidude cha ukubwa wa kiberiti pale sebuleni, kinachoitwa mtumasalamu, kikawa kinazitoa kwa zamu. Mama, shikamoo. Mimi mzima. Umekunywa dawa? Msalimie baba. Na Bi Zamda, kila Ijumaa, aliitikia.

Semeni alimweleza mama yake kwamba kiti hicho kitabaki kitupu, maana Hemedi hana njia ya kukubali kutoka huko aliko.

"Najua," Bi Zamda alisema. "Kiache hapo. Nataka nikione kitupu."

Semeni hakulitilia maanani neno hilo. Jua lilikuwa linakaribia kuingia nyuma ya mlima, wakwe walikuwa wamechoka kusimama, na mjomba mmoja alikuwa ameshaanza kutoroka kuelekea kwenye pilau. Aliwahesabia watu mpaka tatu, akabonyeza.

Picha ilikuja kwanza kwenye kioo kidogo cha mashine, kama kawaida, ili mpiga picha aikague kabla ya kuisukuma ukutani. Alianzia katikati. Bibi harusi, macho wazi, vizuri. Bwana harusi anatokwa jasho, lakini anacheka. Mzee Salehe yupo na magoti yake. Kiti cha shangazi kitupu, kanga imekunjwa juu yake. Kwenye kiti cha tatu alikuwa amekaa Hemedi.

Aliushika mguu wa mashine. Imekosea, alijiambia. Ndani ya miaka kumi na moja, katika harusi na maulidi na mahafali yasiyo na idadi, kamilishi haikuwahi kukosea hata mara moja, na hakuna aliyejua hivyo kuliko yeye. Mbele yake watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamegeuza shingo kuutazama ukuta. Siwema, mke wa mtu tangu asubuhi, alikuwa ananong'onezana na mumewe. Bi Zamda peke yake hakuutazama ukuta. Alikuwa anamtazama Semeni usoni.

Kulikuwa na kitufe cha Ondoa. Kiliwekwa kwa ajili ya familia zinazobadili nia, mathalani mjane aliyewekewa kiti cha mumewe na mawifi bila kuulizwa. Na kwa kuwa Semeni aliwaogopa watu wa kughushi, alikifanya kiwe cha moja kwa moja: kilichoondolewa hakirudi, hata kwa aliyeiunda mashine. Kidole chake kilikitafuta, kikakipata, kikakibonyeza. Hazikupita pumzi mbili. Halafu akaisukuma picha ukutani.

Uwanja ulilipuka kwa vifijo. Viti viwili vitupu, kimoja kimejaa, ukoo umetimia. Bi Zamda alitembea mpaka kwenye kiti cha Hemedi, akakipapasa egemeo lake.

"Kitupu," alisema, si kwa sauti kubwa. "Alhamdulillahi. Mwanangu yu hai."

Kisha akacheza. Mwanamke wa miaka sitini na sita, mgonjwa wa moyo, aliingia katikati ya uwanja na mwiko wake akacheza mpaka wapwa zake wakamfuata kumshika asianguke, naye akawasukuma. Watu walisema hawajamwona hivyo tangu mzee afariki. Semeni alipiga makofi pamoja na wengine.

Ngoma iliponoga alijifungia kwenye chumba zilimowekwa nguo za bibi harusi, akafungua kitu ambacho hakuwahi kukifungua tangu siku ya mazishi: sanduku la barua pepe la baba yake. Mzee alimwachia neno la siri ili alifunge sanduku hilo baada yake, naye hakuweza. Aliona akilifunga atakuwa amemzika mara ya pili, na akisoma barua za mtu asiyeweza kuzijibu ataumia bure. Akaliacha kama lilivyokuwa. Mapenzi ya namna hiyo yapo kwa wengi, na mara nyingi hayamdhuru mtu.

Barua ilikuwa juu kabisa, haijafunguliwa, tarehe yake ya miezi minne nyuma. Uongozi wa machimbo ulimwandikia Mzee Salehe Mkude, aliyetajwa kwenye fomu kuwa ndiye wa kupewa taarifa, kwamba handaki limeporomoka, watu saba wamefariki, miili haikuweza kutolewa, na kwamba jina la mwanawe ni la tano. Walimwomba awafikishie ndugu wengine habari hizo kwa hekima zake. Miezi minne barua hiyo ilikuwa inamsubiri marehemu aisome.

Semeni alilia kwenye shela ya mdogo wake mpaka akaona ataichafua. Akanawa uso, akarudi uwanjani kugawa soda.

Alijipangia kusema wageni wakishaondoka. Wageni walipoondoka Jumapili jioni, mama yake alikuwa amechoka. Jumatatu alimkuta anaimba. Jumanne Bi Zamda alikuwa ameanza kupaka rangi chumba cha Hemedi kwa mkono wake, anamweleza jirani kwamba kijana akirudi ataoa hapa hapa Bigwa, na binti ameshamwona. Jumatano alimaliza sahani ya wali, yeye ambaye siku zote alikula vijiko vitatu. Semeni alikuwa anakuja na maneno yake mdomoni na anaondoka nayo. Alhamisi hakuja kabisa.

Ijumaa asubuhi mama yake alimwita, akamwagiza aje na ile kamera yake.

Alipoingia sebuleni mtumasalamu ulikuwa ndio unalia. Mama, shikamoo. Mimi mzima. Umekunywa dawa? Msalimie baba.

"Marahaba, baba," Bi Zamda aliitikia, akakizima kile kidude. Kisha akamgeukia binti yake. "Sauti hii ni ya miaka minne, Semeni. Bado inamsalimia baba yako. Tangu mwezi wa pili moyo wangu haukai mahali pake, na sikuwa na wa kumuuliza. Ndiyo maana nikaleta kiti siku ile. Kiti hakisemi ya zamani. Sasa kila Ijumaa utanipigia picha moja, mimi na kiti, mpaka arudi."

Kiti chenyewe alikuwa ameshakiweka, kile kile cha plastiki, na shati la mistari limefuliwa na kupigwa pasi. Alikaa pembeni yake, akajiweka sawa kanga, akatabasamu.

Semeni aliitega mashine. Aliziona Ijumaa zote zilizokuwa mbele yake, kila moja anamwona ndugu yake na kila moja anamfuta, na mama anashukuru. Akabonyeza.

Kwenye kioo alikuwepo mama, wima, na pembeni yake Hemedi, kichwa amekilaza kidogo kuelekea bega la mama yake, kama alivyozoea alipokuwa na jambo la kuomba. Kidole cha Semeni kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akakiondoa. Aliinyanyua mashine kutoka kwenye miguu yake, akaiweka mapajani mwa Bi Zamda.

Bi Zamda alitazama. Tabasamu halikumtoka mara moja. Lilichelewa usoni bila kujua kwamba kazi yake imekwisha. Alinyoosha mkono akalitoa shati kwenye kiti, akalikumbatia, akaendelea kukitazama kioo kwa muda mrefu sana.

"Na siku ya harusi?" aliuliza.

"Alikuwepo, mama."

"Ukamwondoa."

"Nilimwondoa."

"Kwenye harusi ya dada yake."

Semeni alipiga magoti, akaeleza yote, barua ya baba, handaki, watu waliokuwa wamegeuza shingo, Siwema na furaha yake. Mama yake alimwacha amalize. Alipomaliza, aliomba apewe ile picha ya harusi kama ilivyotoka, na Semeni akamjibu kwamba haipo. Kilichoondolewa hakirudi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifanya iwe hivyo.

"Hii hapa ni ya mimi na yeye," Bi Zamda alisema. "Ile ilikuwa na sisi sote. Baba yake alikuwemo." Alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Basi nieleze. Wewe ulimwona. Alikaaje?"

Semeni alifumba macho. Aliiona mistari ya shati. Alikiona kitufe, ubaridi wake, ukingo wake chini ya kidole, vyote sawasawa kabisa.

"Alikuwa amevaa shati lake," alisema.

"Shati ninalo. Alimwelekea nani? Alikuwa anacheka?"

Alijaribu tena. Ndugu yake alimjia mbele ya macho kwa muda wa pumzi mbili, na pumzi zote mbili alizimaliza akitafuta pa kubonyeza.

"Sijui, mama," alisema. "Sikumtazama."