Ratiba Isiyo na Siku ya Kurudi

Wanafunzi walimwita Mwalimu Ramani, na jina lenyewe alilipata kihalali. Alikuwa akiingia darasani na kipande cha chaki, anaugeukia ubao, na kabla hujamaliza kupiga chafya Ulaya nzima imeshachorwa. Akifika Italia tu ndipo alipopunguza mwendo. Kile kiatu kirefu alikichora taratibu, kisigino, wayo, ncha ya kidole, kama mama anayemvisha mwanawe.

Miaka ishirini na sita alifundisha habari za nchi ambayo macho yake hayajaiona. Sasa alikuwa na daftari. Roma siku nne: magofu asubuhi kabla jua halijawa kali, makumbusho mchana. Florensi siku tatu, kwa ajili ya michoro. Venisi, mji uliosimama juu ya maji, siku mbili. Siku ya kumi, kurudi nyumbani. Mumewe, fundi wa friji, mchango wake ulikuwa mmoja tu.

"Viatu, Mama Pacha. Huko ni mawe matupu. Ukivaa vile vyako vya harusini nitakubeba mimi, na mgongo wenyewe ndio huu."

Pacha wao walishakuwa watu wazima wenye kazi zao. "Nendeni," waliwaambia, "kabla magoti hayajagoma."

Wakala wa safari alipatikana kwa bahati. Siku moja Mwalimu alifungua droo ya meza yake katika chumba cha walimu akakuta kadi ndogo nyeupe: jina la ofisi, namba ya simu, basi. Akawashukuru wenzake mmoja mmoja. Kila mmoja akakana. Naye akajiambia, embe likikudondokea mkononi huulizi nani katikisa mti.

Alhamisi moja, kengele ya mwisho imeshalia, simu yake ikaita.

"Mwalimu, fomu zako za viza ziko tayari." Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini mno. "Njoo utie sahihi leo kabla hatujafunga. Njoo na picha mbili."

Kisha akaongeza:

"Njoo peke yako. Ofisi ni ndogo."

Alifika jua likizama. Chini kulikuwa na duka la rangi, na muuzaji alikuwa anaingiza makopo ndani. Mwalimu alimsalimia, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Harufu ya rangi ilimsindikiza mpaka ghorofa ya pili. Ya tatu ilikuwa na harufu nyingine.

Udongo. Udongo mbichi, uliofukuliwa sasa hivi.

Alisukuma mlango. Ukutani kulikuwa na picha za makanisa na madaraja. Kwenye viti vilivyopangwa kando ya ukuta waliketi watu watano, kila mmoja na sanduku lake miguuni, wamevaa makoti mazito ya baridi ingawa chumba kilikuwa na joto. Hakuna aliyeitikia salamu yake. Walitazama sakafu.

Mlango ukajifunga nyuma yake. Polepole… klik.

"Keti," alisema wakala. Alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, kucha fupi, blauzi imenyooshwa vizuri. Kitu kimoja tu hakikuwa sawa, na ilimchukua Mwalimu muda kukigundua. Hakuwa anapepesa macho.

"Nilidhani ni sahihi tu," alisema Mwalimu.

"Kwanza ratiba. Uitaje mwenyewe, kwa mdomo wako. Siku ya kwanza?"

Mwalimu alicheka kidogo. Jambo hili alilijua kama sala. "Siku ya kwanza tunafika Roma. Tunapumzika, jioni tunatembea kidogo."

Kalamu ikaandika. Kwaruu… kwaruu… Sauti ya ukucha juu ya ubao.

"Ya pili?"

"Magofu."

Kwaruu.

Vidole vya miguu vikafa ganzi. Alidhani ni uchovu, siku nzima kasimama. Siku ya tatu, makumbusho, ganzi ikapanda kwenye vifundo. Ya nne, magoti. Alipofika Florensi alikuwa hayahisi mapaja yake, na bado mdomo ulikuwa unasema, unasema, kama wa mtoto anayekariri. Alitaka kunyamaza. Haukunyamaza.

"Siku ya tisa?"

"Venisi. Tunapanda mtumbwi wao, tunapita chini ya madaraja…"

"Vizuri. Tumemaliza." Wakala alifunga jalada.

"Bado siku ya kumi," alisema Mwalimu. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Siku ya kurudi hujaandika."

Wakala alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza jambo la aibu.

"Ratiba zetu hazina siku ya kurudi."

Akainuka, akaelekea chumba cha ndani. "Naleta muhuri. Usiondoke."

Mwalimu aliegemea meza, akajisimamisha kwa mikono. Akajikokota hadi mlangoni, kila hatua nzito kama gunia. Akashika kitasa, akavuta. Mlango ukafunguka kirahisi.

Mbele yake hapakuwa na ngazi. Palikuwa na picha za makanisa na madaraja. Viti. Masanduku. Watu watano wenye makoti. Akageuka nyuma. Picha, viti, makoti. Akageuka tena mbele, na safari hii mmoja wao alikuwa ameinua uso.

Uso ule aliujua. Alikuwa mwalimu wa muziki, aliyekaa meza ya pili kutoka yake kwa miaka kumi na moja. Watoto walimwita Kinanda. Mwaka juzi, wiki moja kabla ya likizo yake ya kwenda kusikiliza muziki huko huko Ulaya, alikohoa siku tatu, akafa. Mwalimu Ramani alikuwa msibani. Alitupa konzi yake ya udongo.

"Kinanda…" alinong'ona. "Wewe tulikuzika."

"Mlizika kitu," alisema Kinanda. Midomo ilikuwa mikavu, imepasuka. "Mimi niko hapa."

"Ulifikaje?"

"Nilikuta kadi kwenye droo yangu." Macho yake yalikimbilia chumba cha ndani, ambako kulisikika makabati yakifunguliwa. "Piga simu nyumbani. Haraka. Kabla ya muhuri. Mimi sikuwa na simu."

Alibonyeza namba ya mumewe. Simu iliita mara moja tu.

"Baba Pacha, njoo unichukue."

Sauti ya mumewe ilitoka chini kabisa. "Nani mwenzangu?"

"Mimi! Nani mwingine?"

"Mke wangu yuko jikoni. Amerudi sasa hivi." Akameza mate. "Anakohoa. Anasema kifua kinambana."

Kinanda alifumba macho. "Siku tatu," alisema. "Kitakohoa siku tatu."

Mwalimu alibana simu sikioni. Kulia asingeweza, kulia kungekula muda. "Baba Pacha, nisikilize kama ulivyokuwa unanisikiliza zamani, usinibishie. Nenda kamwulize huyo, safari yetu tunarudi siku gani. Usikate simu."

Alisikia ndala zake zikiburuzwa sakafuni. Alizijua ndala zile. Kisha kwa mbali, "Mama Pacha, eti… tunarudi lini vile?"

Na kwenye simu, Mwalimu akasikia kicheko chake mwenyewe. Chake hasa, na ule mkwaruzo mwishoni.

"Kurudi? Kurudi wapi?"

Ndala zikarudi kwa kasi. Fundi alikuwa anahema. "Sauti ni yako. Nguo ni zako. Lakini amefungua friji… taa inampiga usoni… na ukutani hakuna kivuli. Mke wangu, uko wapi?"

"Sijui tena niko wapi. Niite."

"Nikuite vipi?"

"Lile jina la uchumba. Kwa sauti. Usione haya!"

Chumba cha ndani, kabati la mwisho lilifungwa. Viatu vilianza kuja. Ko… ko… ko…

"Kipini," alisema fundi. Ilikuwa miaka mingi hajalitamka.

"Abee!"

Kidole kimoja cha mguu kikawasha.

"Kipini!"

"Abee!"

Wakala alitokea mlangoni, muhuri mkononi. Hakukimbia. Alikuja kwa hatua zilezile, macho hayapepesi, na kila hatua harufu ya udongo ilizidi mpaka Mwalimu akaionja ulimini.

"Kipini! Rudi nyumbani!" Fundi sasa alikuwa anapiga ukelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. "Narudia, Kipini, rudi!"

"Abee! Narudi!"

Damu ilimshuka miguuni kama maji ya moto. Akavuta mlango. Ngazi! Ngazi, na harufu nzuri ya rangi. Alimshika Kinanda mkono, akamvuta.

"Twende! Nitakuita mimi! Kinanda! Itika basi! Kinanda!"

Mkono ulikuwa mzito na baridi kama nondo. Mdomo wa Kinanda ulifunguka, ukatetemeka, ukajifunga. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Mimi walishanililia," alisema. "Aliyeliliwa haitiki."

Akamwachia vidole, kimoja kimoja.

Mwalimu alishuka ngazi zile hakumbuki vipi. Alimkuta mumewe barabarani mbele ya nyumba, spana mkononi, amegoma kuingia ndani. Waliingia pamoja baadaye, wameshikana kama wachumba. Jikoni friji ilikuwa wazi. Sakafuni kulikuwa na nyayo za udongo, ndogo, saizi yake. Zilitoka kwenye friji, zikaenda hadi ukutani, na pale ukutani zikaishia.

Kesho yake alirudi kazini, maana mwalimu haandiki barua ya kuomba ruhusa kwa sababu ya uchawi. Walimu kumi na wawili walikuwa wanasahihisha madaftari. Kumi na wawili, na mmoja wao anaweka kadi kwenye droo za wenzake. Yupi? Yule aliyemkaribisha chai? Yule asiyeinua kichwa?

"Safari vipi, Mwalimu?" mmoja aliuliza. "Bado mnapanga?"

"Tumeahirisha," alijibu. Akaketi, mgongo ukutani, na tangu siku hiyo hajawahi kukaa akiupa mgongo mtu yeyote katika chumba kile.

Lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa kadi. Ulikuwa mkono ule wa baridi. Jumapili jioni alimwambia mumewe, "Lazima mke wa Kinanda ajue."

"Ajue ili iweje?"

"Ningekuwa mimi, ungetaka usijue?"

Fundi alivaa shati.

Mjane wa Kinanda aliishi ghorofa ya chini, vyumba viwili, kinanda cha marehemu kimefunikwa shuka. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Hakulia. Alipangusa tu meza iliyokuwa safi tayari.

"Kwa hiyo yu hai," alisema.

"Yupo," alisema Mwalimu. "Siwezi kusema zaidi ya hapo."

"Na ukiitwa na mwenzio unarudi."

"Mimi nilirudi, shemeji. Yeye alisema hawezi kuitika. Alisema…"

Mjane alishainuka. Alifungua dirisha, giza ndilo kwanza linaingia, akaita kwa sauti ya mke anayemwita mume chakula kiko mezani.

"Kinanda!"

Mtaa ulinyamaza.

"Kinanda! Kinanda wangu, rudi!"

Fundi alimgusa mkewe bega. Waliona aibu kidogo, kama watu waliomvua nguo mtu asiyejua. Mwalimu alikuwa anatafuta neno la kumpoza ndipo jibu liliposikika, nje, upande wa mlango.

"Naam."

Ilikuwa sauti ya Kinanda. Mwalimu aliisikia miaka kumi na moja ikipitia nyimbo katika darasa la jirani. Ndiyo hiyo, haikupungua kitu.

Mlango ukabishwa. Mara tatu, kwa adabu.

Mjane alikwenda mbio. Mwalimu alimuwahi, akamshika kifundo cha mkono.

"Shemeji, usifungue! Nisikilize. Aliyeliliwa haitiki. Alinambia mwenyewe. Huyu aliyeitika si yeye. Huyu ndiye mliyemzika."

Mjane alimtazama. Uso wake ulikuwa mtulivu, na utulivu huo ulimtisha Mwalimu kuliko nyayo zile.

"Miaka miwili," alisema mjane, "nalala na shuka la kinanda. Wako alikuita, ukarudi. Niachie mkono, Mwalimu."

Nyuma ya mlango mtu alikohoa kidogo.

Mwalimu angeweza kumng'ang'ania. Mikono yake ilikuwa na nguvu. Alilifikiria jambo hilo baadaye, usiku mwingi, na kila mara alifika palepale: hakujua angekuwa na haki gani.

Aliachia.

Yeye na mumewe walitokea mlango wa nyuma, hawakugeuka. Walisikia komeo likivutwa. Wakasikia mjane akisema, kwa sauti ya bibi harusi, "Karibu." Kisha harufu ya udongo ikawafuata uani.

Huwa wanakutana naye sokoni. Amenenepa, anacheka, ananunua chakula cha watu wawili. Majirani wanasema siku hizi kinanda kinasikika jioni, wimbo mmoja tu, na mapazia hayafunguliwi. Mwalimu humsalimia harakaharaka na kutaka kupita, na kila mara mjane humshika mkono, kwa upole, vidole vyake vya baridi.

"Karibuni basi nyumbani," humwambia. "Anakuulizia sana, Mwalimu."