Sanduku la Pedali Tatu

Barazani kwa Siwema, katika Mtaa wa Sikukuu, sanduku lile lilikuwa fupi kwa vidole viwili. Melkiori alilipima kwa kamba, akalipima tena kwa shibiri, na mara zote mbili pedali ya tatu ilibaki nje. Alilichukua hivyo hivyo, kwa kuwa hakuwa ameona jingine lililo bora, akajiambia kwamba angeukata ubao wa ndani. Lakini alipofika chumbani kwake, nyuma ya soko lililokuwa likijengwa upya, akazipanga pedali ili aone pa kukata, zote tatu zilikaa sawasawa, na baina yake na ubao hapakuwa na nafasi ya kupitisha wembe.

Kamba ilikuwa ileile na mkono uleule. Alicheka peke yake, akasema labda mbao hutanuka kwa joto la Dar es Salaam.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Melkiori, mzaliwa wa Rombo, alipiga gitaa la solo katika bendi ya shirika moja la umma, na pedali zake hizo, vidude vya kubadili sauti kwa kukanyaga, alizipata kwa baharia bandarini. Ya kwanza iliikwaruza sauti, ya pili iliipa mwangwi, na ya tatu, ambayo wapiga gitaa huiita wawa, iliifungua na kuifumba sauti kadiri mguu ulivyoikanyaga, hata nyuzi zikalia mfano wa kinywa cha mtu. Kila bendi ilipohama ukumbi alizibeba ndani ya kikapu cha ukindu, na kila mara nyaya zilikatika. Ndipo alipotafuta sanduku la kubebea, ambalo likifunguliwa tu pedali ziwe zimekwisha kupangwa na kuunganishwa. Masanduku ya bati aliyakataa kwa sababu hulia yakiguswa na kiatu. Ya karatasi ngumu aliyakataa kwa sababu yasingehimili uzito wa mguu. Hili la Siwema lilikuwa la mninga, lenye kina kifupi, pembe za shaba na mshikio wa ngozi. Mama yake Siwema alikuwa amekwisha kusomewa arobaini, na binti alikuwa akivitoa vitu vya marehemu kimoja kimoja.

"Mama alikuwa akiweka nini humu, dada?" Melkiori alikuwa amemwuliza.

"Vitu vyake," Siwema alijibu, na hakuligusa sanduku hata wakati wa kulikabidhi. Alilisogeza kwa mpini wa ufagio.

Jumamosi asubuhi Melkiori alikaa sakafuni kulitengeneza. Mkewe, Candida, alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Kila alasiri alisimama mbele ya wachukuzi na wauza samaki waliomzidi umri, akawatamkia silabi kwa sauti nene na safi yenye lafudhi ya mlimani, nao wakaifuata kama watu wanaovuka mto kwa kushikana mikono. Hakuwa na mali nyingine iliyojulikana mtaani zaidi ya sauti hiyo.

"Linanuka uvundo," alisema akiwa mlangoni. "Hulilazi chumbani mwangu hivyo."

"Basi nipe yale marashi uliyopewa harusini."

"Marashi ya waridi kwa sanduku. Mimi mkeo unanipaka mafuta ya nazi."

Hata hivyo alimpa. Melkiori alilipangusa sanduku kwa marashi, ndani na nje. Kisha, kwa kuwa pedali ziliteleza, alitandika kitambaa. Na mwezi ule madukani hapakuwa na kitambaa kingine ila kile chekundu kiitwacho bendera. Ikabaki kuziunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyusha. Kazi hiyo huhitaji utomvu ili risasi ishike, na utomvu wa fundi redio ulikuwa umekwisha; naye, kwa akili ya siku zile za uhaba, akamwomba jirani wa uani punje mbili za ubani.

"Ubani, Melki?"

"Utomvu ni utomvu tu."

Aliugusa ubani kwa chuma cha moto. Moshi ulijaa sandukuni, ukatulia humo, wala haukupanda. Alipomaliza alivua viatu asije akakichafua kitambaa, akachomeka gitaa, akakanyaga wawa, akapiga uzi mmoja.

"Kaeni hapo," aliziambia pedali kwa mzaha. "Hapo ndipo kwenu."

Candida alikohoa mara moja, akajishika koo.

Juma lililofuata, katika mazoezi ya bendi, wenzake waliacha vyombo ili wamsikilize. Gitaa lilikuwa na kitu ndani yake ambacho hakikuwapo kabla. Shaibu, mpiga besi, mzaliwa wa Kariakoo, alikuwa mtani wake.

"Mchaga, umelifundisha gitaa kusema," alisema. "Sasa lifundishe kununua soda, maana mwenyewe hujawahi."

"Ni sanduku tu. Nyaya zimeshika vizuri."

"Limesema nini hapo mwisho? Lirudie."

Melkiori alilirudia pambo lile. Safari hii Shaibu hakucheka. "Limesema chai imepoa," alisema polepole. Ndiyo maneno Candida aliyomwambia Melkiori asubuhi ile.

Jioni ile Candida alirudi kutoka kazini akiwa amekauka sauti. Alidhani ni vumbi la ujenzi wa soko. Siku ya tatu alisikika kama mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta. Siku ya saba aliwafundisha wanafunzi wake kwa kuandika ubaoni tu. Na hospitali walimmulika koo, wakampa vidonge, wakasema hakuna jeraha. Kadiri sauti yake ilivyopungua, ndivyo gitaa lilivyozidi kusifiwa. Melkiori aliliona hilo, akakataa kuliona, kwa kuwa katika maisha yake hakuwa amewahi kupiga vile.

Ijumaa moja, jua likiwa utosini, wapangaji wengine wote walikuwa wamekwenda kusali na ukumbi wa nyumba ulikuwa kimya. Melkiori alikaa kwenye kigoda, na Candida kitandani na kibao cha chaki ambacho sasa alikitumia kusemea. Sanduku lilikuwa uvunguni, limefungwa, halikuunganishwa na umeme wala na gitaa, na gitaa lenyewe lilining'inia ukutani bila kuguswa na mtu. Kwanza ikaja harufu ya waridi, nzito, kama mtu aliyejipaka ameingia akakaa kati yao. Kisha kutoka uvunguni ikatoka sauti, taratibu, ikifunguka na kujifumba.

"A. E. I. O. U."

Melkiori hakuinuka. Sauti ilikuwa nene na safi, yenye lafudhi ya Rombo, ikitamka kama inavyotamkwa mbele ya darasa; ikaendelea, ba, be, bi, bo, bu, ikingoja baada ya kila silabi kana kwamba wapo wanaoitikia, na kila ilipongoja mbao za sanduku zililia kidogo, kama kiti mkaaji anapogeuka upande, na harufu ilizidi, na baridi ikapanda kutoka sakafuni hata magotini mwake, ilhali nje jua lilikuwa linachoma mabati; naye alipomtazama mkewe, akitumaini kwamba ni yeye asemaye, kwamba amepona, aliona midomo yake ikienda sambamba na kila silabi, bila pumzi, huku macho yake yamejaa machozi na mkono wake ukiandika juu ya kibao kwa haraka ya mtu anayezama. Candida alimgeuzia kibao asome.

*Si mimi.*

Jumapili padre wa parokia alikuja, akanyunyiza maji ya baraka. Sanduku lilinyamaza siku tatu, na siku hizo tatu Candida hakuweza hata kunong'ona. Siku ya nne Melkiori alichukua mafuta ya taa na kibiriti, akaliburuta sanduku hadi uani. Shaibu, aliyekuja kumjulia hali shemeji yake, akamshika mkono.

"Sauti ya mkeo iko wapi, Melki?"

"Humu."

"Ukilichoma, utachoma nini?"

Melkiori alikitupa kibiriti kando. Shaibu alimwuliza sanduku lilitoka nyumba gani. Alipotajiwa nyumba ya Siwema, Mtaa wa Sikukuu, alifumba macho kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Twende kwa mjomba wake Siwema. Mimi mbele, wewe nyuma, na kilichomo usikisemeshe njiani."

Mzee Mbaruku alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Wagonjwa wa aina hii aliwasomea bila kutaka sifa. Aliwapokea wote, Candida pia, ukumbini mwa nyumba ya marehemu dada yake. Siwema alikaa kwenye kona, ameufunika uso kwa kanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nieleze ulivyolitengeneza, hatua kwa hatua, wala usiruke."

Melkiori alieleza. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Miongoni mwa majini wapo wema na wapo waovu, na wapo waliokaa tu na watu kwa muda mrefu hata wakawa na desturi," alisema. "Huyu alikuwa na dada yangu miaka thelathini. Hili lilikuwa kiti chake. Nawe hukukosa hata jambo moja. Umelitia marashi, umelitandikia kitambaa chekundu, umelifukiza, umevua viatu, umempigia ngoma, ukamwambia hapo ndipo kwenu. Mafundi wa mambo haya ninaowajua wangesahau moja."

"Mimi nilikuwa natengeneza sanduku la pedali."

"Yeye hajui pedali. Alijua amekaribishwa."

"Basi mbona hakunichukua mimi?"

"Mikono yako alikwisha kuipata. Alikosa ulimi. Zamani dada yangu alikuwa akimsemea." Mzee alimgeukia mpwa wake. "Ulijua, Siwema."

"Nilijua, mjomba." Aliitoa kanga usoni. "Mlitaka nikirithi kiti. Nilimwona mama siku ambazo mwili wake haukuwa wake. Nikasema akipata nyumba ya watu wasiomjua, atachoka, ataondoka."

Mzee Mbaruku alieleza njia moja iliyobaki. Kila alichopewa jini kitwaliwe tena, kuanzia cha mwisho kurudi cha kwanza, na jini mwenyewe asidhulumiwe. Melkiori angeitwaa ngoma yake, yaani asipige tena uzi maishani mwake. Na mwisho wa yote mtu wa damu ya ukoo angemwambia maneno mawili, *rudi kwetu*, akubali yatakayofuata. Bila hivyo, sauti ingebaki ilipo.

Melkiori hakuomba muda wa kufikiri. Siwema ndiye aliyesitasita, akiutazama mlango, mpaka Candida alipomsogelea kwa magoti, akamwekea kibao mapajani. *Dada, nisaidie.* Siwema alikisoma, akakipangusa kwa kiganja, akaitika kwa kichwa.

Waliingia chumba cha ndani, wakaanza baada ya sala ya alasiri. Mzee alisoma, milango ilifungwa. Melkiori alilifuta kwa kinywa neno lake la kukaribisha, akazikata nyuzi sita za gitaa lake moja baada ya nyingine, akaapa mbele ya Mola wake kwamba hatapiga tena, na kila uzi ulipokatika kitu sandukuni kilivuta pumzi. Alivaa viatu, akayayeyusha maungio ya nyaya alizoziunganisha kwa ubani, akazitoa pedali, na moshi mwembamba ukatoka mahali ambapo hapakuwa na moto. Alikivuta kitambaa chekundu, kilikuwa na joto na kilikuwa kizito, kama nguo inayovuliwa kwa mtu asiyetaka kuinua mikono. Alilisugua sanduku kwa mchanga hadi waridi likatoka, na ndani ya mbao sauti ya mkewe ilikuwa ikipanda na kushuka bila maneno, ikiomba au ikitisha, hakuna aliyeweza kutambua, wala mzee hakunyanyua macho kutoka kwenye msahafu, wala Shaibu hakuacha kuulalia mlango kwa mgongo wake, ingawa upande wa pili wa mlango huo kulikuwa na ukumbi mtupu na kulikuwa na mtu anayeusukuma.

"Sasa," alisema mzee.

Siwema alisogea, akaweka mikono yote miwili juu ya kifuniko.

"Rudi kwetu," alisema.

Kila kitu kilinyamaza. Mlango uliacha kusukumwa. Siwema alibaki ameinama, anangoja. Hakuanguka, hakupagawa, na baada ya muda alimtazama mjomba wake kama mtu aliyejiandaa kwa pigo lisilokuja. Mzee Mbaruku alipumua, akamshukuru Mungu.

Nyuma yao Candida alikohoa, akasafisha koo.

"Ah," alisema, na sauti ilikuwa yake, nene na safi, haikupungua hata chembe. Melkiori alianguka mbele yake, akaikumbatia miguu yake, akalia bila kujificha. Alihisi mkono wa mkewe ukimpapasa kichwani kwa upole.

"Siwema, binti yangu," Candida alisema juu ya kichwa chake. "Huyu kijana alinikaribisha hajui, nikamsadiki. Wewe umenikaribisha ukijua, na moyo wako ulikuwa unatafuta mlango." Alinyamaza kidogo, kama mwalimu anayewapa wanafunzi nafasi. "Haidhuru. Sikukasirika. Kiti cha mbao kilikuwa kinanibana siku nyingi."

Siwema aliinuka, akarudi nyuma hadi ukutani. Mzee alilifunua jani la msahafu, akalifunua jingine, na jingine.

Mkono uliendelea kumpapasa Melkiori, polepole, huku sauti aliyoiombea kwa siku zote zile ikimwuliza mbona halii tena, mbona amekaza mwili hivyo, naye akaufunga mdomo wake juu ya goti la mkewe na kumwomba Mungu, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, sauti hiyo inyamaze.