Kidole Gumba cha Moffat

Yale mawe tuliyabeba Jumamosi asubuhi, jua likiwaka vizuri, mimi na ndugu yangu Moffat, tukitaniana njia nzima. Laiti ningekataa.

Moffat alikuwa fundi wa mawe hapa Giakanja. Juu ya shamba letu kuna gofu la ngome ya mzungu, ya wakati wa Emajensi, vita vya kupigania uhuru: kuta nene kama urefu wa mkono, madirisha membamba ya kupitisha mtutu wa bunduki tu, na chini chumba kisicho na dirisha hata moja. Watu wetu waliofungiwa mle hawakutoka. Na kwetu nyumba aliyofia mtu huachwa ianguke yenyewe. Hakitolewi hata kijiti. Mama alimkumbusha. Moffat akasema ati mawe ni mawe, tukabomoa kile chumba cha chini. Sikio la kufa halisikii dawa.

Akajenga nyumba yake, madirisha mapana. Kwenye simiti ya jiwe la mwisho akabonyeza kidole gumba, alama yake ya kila kazi.

Wiki ya pili mkewe Wacera aliona mapazia yamezidi madirisha. Moffat akamlaumu kwa kushona vibaya. Kisha sofa waliyoingiza wenyewe ikakataa kupita mlangoni. Moffat akapima kwa tepu, akapima tena. Wacera akamsihi watoke.

"Siwezi kimbia nyumba nimejenga na mikono yangu," akasema.

Wacera akaenda kwao Murang'a peke yake.

Alhamisi saa sita mchana nilimpelekea Moffat githeri, mahindi na maharagwe ya mchana. Mlango haukuwapo. Palikuwa na ukuta. Dirisha lilikuwa ufa. Vidole vinne vikatokeza.

"Leta nyundo," akanong'ona.

Nilikimbia. Mimi na majirani tulivunja hadi jioni. Ukuta aliojenga kwa safu moja ya mawe ulikuwa mnene kama urefu wa mkono. Ndani tulikuta tepu tu.

Nikapanda gofuni na nyundo yangu. Kile chumba cha chini kilikuwa kimesimama tena, kimezibwa pande zote. Kwenye jiwe la mwisho palikuwa na alama ya kidole gumba. Niliita mara moja tu. Kisha nikaogopa, nikarudi nyumbani bila kupiga nyundo hata moja.

Wacera hajanisalimia tangu siku hiyo, na ana haki. Huu ni mwaka wa tatu. Nikigusa ile alama, simiti bado ni mbichi.