Maji ya Kuoshea Mihogo

Kila alfajiri Isabela na mama yake waliteremka bondeni kuteka maji, wakapanda tena mlima wa Newala, ndoo vichwani. Siku hizo Isabela alipanda akinong'ona Kiingereza. Ijumaa angemweleza mkaguzi wa shule namna ya kuchuja maji kwa mchanga na mkaa, na akifaulu angepelekwa kwenye maonyesho ya Masasi. Aliitamani safari hiyo mpaka akakosa usingizi.

Kwenye mazoezi darasani alianza kwa kishindo, akimwaga maneno marefu ya kitabuni. Neno moja likampotea, na mengine yote yakalifuata. Hamidu, mwanafunzi mwenzake, akacheka. Isabela alirudi kuketi, machozi yakimlengalenga.

"Umeyameza maneno, hukuyatafuna," Mwalimu Nikolao alimwambia kwa upole. "Umewahi kuchuja maji yenyewe?"

"Bado, Mwalimu. Maji yanatoka mbali, naona vibaya kuyachezea."

"Basi mweleze mama kwanza, kwa Kimakonde, mikono ikifanya kazi. Kisha utafute Kiingereza kifupi cha kila unachokifanya."

Jioni mama alimwekea maji ya udongo aliyooshea mihogo. Isabela aliyamimina katika chungu chenye tundu chini, alichokijaza mkaa na mchanga, huku akieleza. Maji yakatona chini, safi kwa macho. Mama akanyoosha kata ayaonje.

"Hapana, mama, mpaka yachemke. Udongo umebaki mchangani, lakini vijidudu vimepita."

"Kumbe mwanangu unajua," mama alisema, naye akairudisha kata kwa furaha.

Ijumaa Isabela alisema sentensi fupi fupi, akionyesha mchanga, mkaa, kisha maji. Lafudhi yake ilikuwa ya Kimakonde hasa, lakini hakuna aliyeshindwa kumwelewa. Mara mkaguzi, Mwingereza mrefu, akachukua kikombe cha maji yale na kukipeleka mdomoni. Nani angemkataza mzungu?

"Hapana, bwana," Isabela alisema kwa Kiingereza. "Chemsha kwanza."

Mkaguzi alikirudisha kikombe mezani, akatabasamu. "Nani amekufundisha kueleza vizuri hivi?"

"Mama yangu, bwana."

Mkaguzi alipoondoka, Mwalimu Nikolao aliwageukia wanafunzi. "Mama Isabela hajui hata neno moja la Kiingereza. Lakini jambo ukilielewa mpaka ukamwelewesha mama yako, maneno machache ya lugha ya watu yatakutosha."

Siku ya safari, Hamidu ndiye aliyembebea Isabela chungu chake mpaka kwenye lori la Masasi.