Skrini Juu ya Kitanda cha Mgonjwa

Mzee Najua hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na mafundi. Kila fundi aliyefungua mdomo kumweleza jambo, mzee alimkata kauli: "Najua!" Fundi bomba alikatwa hivyo. Fundi umeme naye akakatwa. Wasimulizi huongeza kwamba hata kinyozi alinyang'anywa mkasi, mzee akajinyoa mwenyewe, na sikio likanusurika kwa kudura za Mungu.

Lakini mwaka ule mzaha ulihama nyumbani kwake. Mkewe alipata kiharusi. Upande wa kulia ukafa. Ulimi nao ukafa. Yakabaki macho na mkono wa kushoto. Kila baada ya saa mbili mzee alimgeuza, asipate vidonda vya mgongo. Alimlisha uji kwa kijiko. Binti yao alikuwa mshonaji, akifanya kazi pale sebuleni. Cherehani yake ilipolia, angalau nyumba ilikuwa na sauti.

"Baba, mama anatazama dari kutwa nzima," binti alisema. "Dari ina nini?"

"Najua," mzee akajibu. Akaenda stoo kutoa skrini ya televisheni.

Skrini hiyo aliagwa nayo alipostaafu ofisi ya tiketi za mabasi. Ilikuwa ya zamani, pana kama mlango. Siku ilipoletwa, watu wanne waliibeba, na wa tano akawabebea pole. Mzee alinunua mkono wa chuma, ule unaofungwa ukutani, unaokunjwa na kunyooshwa kama mkono wa mtu. Akaufunga kwenye ukuta wa kichwani mwa kitanda. Alitoboa matundu, akachomeka vijiti vya plastiki vya kushikia skrubu, akakaza skrubu fupi. Kisha akaukunja mkono ule hadi ukalala ukutani, akaning'inia kama popo.

"Unaona? Umenibeba mimi na kitambi changu!"

"Baba, tumwite fundi."

"Fundi wa nini? Najua."

Wakaipachika skrini, naye akauvuta mkono wote nje. Skrini ikaning'inia juu ya kifua cha mkewe, ikiwa imeinamishwa, kwa sababu mgonjwa hakuweza kuinua kichwa.

Siku ya pili mkewe alianza kupiga shuka kwa mkono wa kushoto. Pa, pa, pa. Mzee akadhani hasikii vizuri. Akaongeza sauti. Pa, pa, pa. Akaongeza tena. Kila asubuhi alikung'uta unga mweupe kwenye mto. "Dari hii imezeeka kuliko mimi," alinung'unika. Mkewe akatoa machozi. Mzee akayafuta, akamwambia binti, "Kipindi kimemgusa."

Siku ya tisa jirani akapiga hodi. Alikuwa mwanamke mwenye viganja vigumu, kazi yake kufunga mabango ya maduka. Mtaa mzima ulimwita Mama Mabango.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Taarifa ya habari naisikia hadi jikoni kwangu. Nikaona nije angalau nimwone msomaji uso."

Mzee akacheka, akamkaribisha chumbani. Mama Mabango akaanza kumsalimu mgonjwa. Hakumaliza. Aliona unga kwenye shuka. Akainua macho ukutani.

"Mtoeni mama hapo."

"Kwani kuna—"

"Vuta kitanda, mzee! Sasa hivi!"

Wakavuta. Baba na binti wakaishika skrini pande zote mbili, Mama Mabango akaifungua, wakaishusha. Kisha akashika skrubu ya juu kwa vidole viwili. Ikatoka kama jino la mtoto. Unga ukamwagika.

Mzee aliitazama skrubu ile. Akamtazama mkewe. Mkono wa kushoto ulikuwa umetulia.

"Alikuwa anatuambia," binti alisema polepole. "Siku nane, baba. Sisi tunamwongezea sauti."

Mzee alikaa sakafuni.

"Lakini nilining'inia kwenye mkono ule," alisema. "Ukanibeba."

"Ulining'inia mkono ukiwa umekunjwa," Mama Mabango alijibu. Akaleta ndoo ya maji. "Ishike karibu na kifua."

"Haya."

"Sasa nyoosha mikono mbele."

Mzee akanyoosha. Mikono ikatetemeka, maji yakamrukia miguuni. "Mbona imekuwa nzito?"

"Maji ni yale yale. Umbali ndio umeongezeka. Skrini ikivutwa mbali na ukuta, inang'oa skrubu za juu. Na ukuta wenyewe sikiliza." Akaugonga. Ukalia kama debe tupu. "Plasta imeachana na tofali. Skrubu zako zimeishia kwenye plasta. Halafu, mzee wangu, kitu kizito hakiwekwi juu ya mtu aliyelala. Hata kikifungwa na malaika."

Kesho yake walifanya kazi upya. Walisoma uzito nyuma ya skrini: kilo ishirini na nane. Boksi la mkono liliandikwa arobaini. Ulitosha. Mama Mabango alichagua ukuta wa zege, upande wa miguuni. Akaepuka sehemu iliyo juu ya soketi, maana waya hupanda humo. Akatoboa matundu marefu, akapuliza vumbi lote, akatia bolti za chuma zinazotanuka ndani zikikazwa.

"Skrini bado," alisema. Akaunyoosha mkono mpaka mwisho, akatundika mfuko wa mchanga uliozidi skrini kwa kilo chache. Ukakaa hapo siku nzima. Bolti hazikusogea. Ndipo watu wawili wakainua skrini, wa tatu akakaza. Waya wake ukaachwa umelegea, usivutwe mkono ukinyooshwa. Kitanda kikarudishwa mahali pake, mito ikaongezwa, mgonjwa akatazama mbele badala ya juu.

"Kila baada ya miezi michache, kagua bolti," Mama Mabango alisema. "Ukiona ufa, au unga—"

"Naju..." Mzee alimeza neno. "Nieleze, mwanangu. Nikiona unga nifanye nini?"

"Unaondoa watu kwanza. Halafu unashusha skrini. Sababu utaitafuta baadaye."

Mkewe hakupona. Lakini hakupiga tena shuka. Mchana alitazama vipindi, na mara nyingi usingizi ulimchukua katikati, mdomo wazi. Sauti iliwekwa chini. Mzee alikaa kando yake, na kila mkono wa kushoto wa mkewe uliposogea hata kidogo, aliinuka na kutazama kila kitu chumbani, kuanzia dari hadi sakafu, kabla ya kugusa chochote.

Miezi mitano baadaye mkewe alifariki, asubuhi, skrini ikiwa imezimwa. Wageni wa msiba walijaa sebuleni. Mmoja wao akauliza marehemu aliondokaje.

"Maradhi yake tu," mzee alijibu.

Binti yake alisimama mlangoni na birika la chai. Alijua jinsi jibu lile lilivyokaribia kuwa jingine: skrini. Akamsogelea baba yake, akammiminia kikombe cha kwanza.