Redio ya Zahanati na Nyundo ya Nyapara

Kila siku baada ya shule, Bisibisi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kibanda cha shangazi yake, fundi wa redio, akavaa aproni yenye matundu ya kuungua, kisha akaanza kumwaga maswali. Jina lake la kweli lilikumbukwa na walimu tu wakati wa kuita mahudhurio. Wenzake walimpachika Bisibisi kwa sababu kifaa hicho hakikumtoka mfukoni, na ulimi wake nao ulikuwa na ncha.

Shangazi alifufua redio kuukuu za mawasiliano ambazo watu walishazikatia tamaa. Redio ikipoteza akili, aliifuta programu iliyoharibika na kuirudishia ileile iliyotoka nayo kiwandani. Programu hizo alizitunza kwenye kompyuta yake, kila moja na namba yake. Alizoea kumwambia Bisibisi asitazame sura ya redio, bali aigeuze asome namba iliyobandikwa chini, kwa maana mapacha si mtu mmoja.

Redio mojawapo ilikuwa ya zahanati. Kijiji chao kilikuwa bondeni ambako simu za mkononi hazikushika, hivyo muuguzi alipotaka gari la wagonjwa kutoka hospitali kuu, aliita kwa redio. Siku za karibuni sauti ilikuwa ikikatikakatika. Shangazi aliahidi kuishughulikia akirudi kutoka safari ya siku mbili, lakini Bisibisi hakuweza kungoja. Alitamani shangazi arudi akute kazi imekwisha, amsifu mbele za watu. Sifa zimewaponza wakubwa, sembuse mtoto wa miaka kumi na miwili.

Alhamisi mchana akabeba kompyuta hadi zahanati, akamwambia mlinzi kwamba ametumwa na shangazi. Mlinzi alikuwa mzee mpole aliyezoea kumwita mjukuu wangu. Akachukua ufunguo kiunoni, akamfungulia chumba cha redio bila kuuliza neno. Muuguzi alikuwa amekwenda kuchanja watoto.

Bisibisi akachomeka waya, akachagua programu mpya kuliko zote. Ilikuwa ya redio nyingine, iliyofanana na ile kama shilingi kwa ya pili. Namba hakuisoma. Punde taa zote zikazimika isipokuwa moja nyekundu. Akabonyeza hiki, akachomoa kile, redio kimya. Akafunga kasha, akamwambia mlinzi kazi imekwisha, akaondoka haraka. Njiani alijiapiza kwamba shangazi akirudi tu atamweleza. Shangazi alirudi Ijumaa jioni, na Bisibisi akala chakula akaenda kulala.

Jumamosi asubuhi, mashine ya kusaga kokoto kwenye machimbo ya mawe ya kijiji ilimnasa kijana mmoja. Wenzake walipoizima, mkono wake wa kulia ulikuwa umesagwa hadi kiwikoni. Walimbeba mbio mpaka zahanati, damu ikidondoka njia nzima. Muuguzi akamfunga mkono kwa nguvu kuzuia damu, kisha akaikimbilia redio. Ilikuwa bubu. Ikabidi kijana apakiwe juu ya lori la mawe kwa safari ya saa tatu, barabara yote mashimo, akipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Kama redio ingekuwa nzima, gari la wagonjwa lingempokea nusu ya njia, likiwa na daktari na dawa.

Nyapara wa machimbo alikuwa kaka wa yule kijana. Hakupanda lori. Alibaki uani pa zahanati na wanaume kama ishirini, nyundo mkononi, akitaka kujua nani ameiua redio. Shangazi aliitwa, akafika baada ya saa mbili na zaidi na kompyuta yake, Bisibisi akiwa nyuma yake. Shangazi alipofungua kasha akasema redio haina programu, kuna mtu ameichezea.

Ufunguo ulikaa kwa mtu mmoja tu. Mmoja wa wavunja mawe akapaza sauti kwamba mlinzi ameuza vifaa vya ndani akaacha kasha tupu. Hakuna aliyeuliza ushahidi. Ngumi ya kwanza ilimng'oa mzee meno mawili. Ya pili ilimwangusha, na alipojaribu kuinuka akapigwa teke la mbavu, akarudi chini. Shangazi aliingilia kati akisukumwa huku na huku, hadi mmoja akamtupa ukutani akachanika kichwa. Muuguzi alipiga kelele za kuwasihi, lakini hasira ilikuwa imewaziba masikio.

Mzee akainua uso uliojaa damu na mchanga.

"Muulizeni mjukuu wangu yule," akasema. "Aliingia Alhamisi na kompyuta."

Kichapo kikasimama. Nyapara akamgeukia Bisibisi.

"Wewe. Uliingia?"

Bisibisi aliitazama nyundo. Aliutazama uso wa shangazi, damu ikimshuka shavuni.

"Sikuingia," akajibu.

Kumbe alikuwa amewasha moto upya. Walimrudia mzee mara mbili ya mwanzo, safari hii kwa kosa la kumsingizia mtoto. Fimbo ilimvunjikia mgongoni. Mtu akamkanyaga vidole. Mzee hakulia tena. Alikuwa akimtazama Bisibisi, na yale macho yalimchoma msichana kuliko kitu chochote alichowahi kuona.

Kisha nyapara akaamuru mkono wa kulia wa mlinzi ulazwe juu ya jiwe la mlangoni.

"Mdogo wangu hana mkono," akasema. "Na huyu asiwe nao."

Wawili wakamshika mzee. Nyapara akainua nyundo. Hapo Bisibisi hakufikiri tena. Alichomoka, akajitupa juu ya ule mkono, akilia kwamba ni yeye, ni yeye aliyeingia. Nyapara alijaribu kuigeuza nyundo ikiwa tayari inashuka. Ikampiga Bisibisi begani, na mfupa ukalia kama kijiti kikavu.

Huku akihema kwa maumivu, Bisibisi akasema yote: alivyomdanganya mlinzi, alivyoweka programu isiyo yake, alivyonyamaza siku mbili, na alivyokana dakika chache zilizopita. Mmoja akanung'unika kwamba mtoto anamwonea mzee huruma tu. Shangazi akajifuta damu, akasema kama hawaamini waje waone kama kuna kilichoibiwa. Hakuna aliyemzuia.

Shangazi aliigeuza redio akamtaka Bisibisi asome namba. Akasoma, machozi yakidondokea kasha. Shangazi akatafuta programu ya namba ileile kwenye kompyuta, akachomoa umeme, akampa Bisibisi msumari mwembamba. Kwa mkono uliobaki mzima, Bisibisi akabonyeza kitufe kidogo kilichofichwa nyuma na kukishikilia, huku shangazi akirudisha umeme. Wakahesabu pamoja. Walipofika ishirini, taa zikaanza kupokezana, nyekundu na kijani. Shangazi akaituma programu. Wavunja mawe walijazana mlangoni. Baada ya dakika saba redio ikajizima, ikajiwasha, na taa zote zikawa kijani.

Muuguzi akaita. Hospitali ikajibu kwamba lori limefika sasa hivi. Kijana yu hai, lakini mkono umeharibika mno, utakatwa. Muuguzi akapumua, kisha akasema anataka gari la wagonjwa haraka: ana mzee aliyevunjika mbavu, na mtoto aliyevunjika bega.

"Wamepata ajali gani?" sauti ikauliza.

Muuguzi akamnyooshea nyapara kipaza sauti. "Wajibu wewe."

Nyapara alikipokea, nyundo imelala miguuni pake.

"Si ajali," akasema. "Tumewapiga sisi."

Siku tatu baadaye, Bisibisi, bega lake limefungwa, alisimama kando ya kitanda cha mlinzi hospitalini. Wavunja mawe waliohusika walikuwa wamekwisha kuandikisha maelezo polisi, nyapara akiwa wa kwanza. Bisibisi aliomba msamaha huku akilia, akieleza kwamba hakukusudia kuiharibu redio.

"Ile redio nilishakusamehe," mzee akasema, maneno yakimpita kwa shida kwenye pengo la meno. "Kila anayejifunza huharibu. Ila uliposema hukuingia, mjukuu wangu, uliwaongezea nguvu ya kunipiga."

Shangazi, aliyesimama nyuma, akamshika Bisibisi mkono ulio mzima.

"Sikiliza," akamwambia. "Redio nimeirudisha ilivyotoka kiwandani. Meno ya babu yako siwezi kuyarudisha, wala mkono wa yule kijana. Ungeniambia Ijumaa, ningeitengeneza kabla hujamaliza kula. Ukikosea, sema siku ileile, hata kama unaogopa. Kosa likifichwa, anayelilipia ni mtu mwingine."

Kisha akamwambia kwamba kijana wa machimboni yuko wodi ya pili, na bado hajui ukweli. Angemsindikiza hadi mlangoni tu.

Bisibisi alijifuta uso kwa mkono wake mzima. Wakatembea taratibu hadi wodi ya pili, shangazi akabaki nje, na yeye akaingia.